Signo jenereta inayofanya kazi dakika moja halafu inakufa: nilivyolisaka tatizo kwenye amplifaya

Mafundi wengi wa sabufa hawana signo jenereta (kifaa kinachotoa wimbi la sauti la kupimia) na maisha yanaenda tu, unagusa pini ya kuingizia sauti kwa ncha ya bisibisi, spika ikinguruma unasema hii inaitika, ikinyamaza unarudi nyuma hatua moja. Mi mwenyewe nimekula kwa bisibisi miaka mingi. Ila bisibisi inakuambia njia iko hai au imekufa, basi, haikuambii kama amplifaya inakata vichwa vya wimbi, wala kama upande wa kulia umezidiwa na wa kushoto. Ndo maana nikaamua kujitengenezea ya kwangu. Najua kit za XR2206 (aisii ya kutengeneza mawimbi) zipo kibao na zinakuja na kila kitu, ila nilitaka kitu ambacho kila kipande nimekiweka mimi, kikiharibika nisihangaike kuuliza.

Mchoro wenyewe ni wa kawaida sana. Aisii moja ya pini nane yenye opampu mbili ndani (opampu ni kamplifaya kadogo ka ndani ya aisii), nusu ya kwanza inatengeneza wimbi la sine kwa mtindo wa Wien, rezista mbili na kapasita mbili zinazolingana. Ukiweka kilo-omu 16 na nanofaradi 10 unapata karibu hezi 1000. Kuna dayodi mbili za 1N4148 zimegeuziana mgongo ili wimbi lisikue mpaka likagonga dari. Huu ndo mtindo ambao akina Hewlett na Packard walianzia biashara yao kule Marekani mwaka 1939 na ile jenereta yao ya 200A, tofauti ni kwamba wao walitumia balbu ndogo kulituliza wimbi badala ya dayodi, na kiukweli balbu inatoa wimbi safi zaidi. Disney walinunua nane za modeli iliyofuata, 200B. Mi balbu ya kufaa sikuipata, dayodi zimenitosha.

Hapo kwenye nusu ya kwanza unapata volti 1 hivi ya kilele. Wimbi linapita kapasita ya maikrofaradi 1, linaingia juu ya volyumu ya kilo-omu 10, mguu wa chini wa volyumu unaenda grauni, mguu wa kati unaenda pini ya 5 ambayo ni nusu ya pili ya aisii. Hii nusu ya pili ndo amplifaya yenyewe, rezista za fidibaki (njia inayorudisha sehemu ya wimbi la kutokea kwenye mlango wa opampu) ni kilo-omu 12 na 3 kwa hiyo inakuza mara 5, na baada yake kuna transista za BD139 na BD140 za kusukuma mkondo, zimepewa bayasi na dayodi mbili na kila emita ina rezista ya omu 10. Fidibaki inachukuliwa baada ya transista sio kabla. Umeme ni trafo ya 12-0-12, regyuleta ya 7812 upande wa chanya na 7912 upande wa hasi. Na hapa niwakumbushe wale mnaotoa hizi regyuleta kwenye mabodi mabovu, miguu ya 7912 haijapangwa kama ya 7812, afu mgongo wa bati wa 7812 ni grauni lakini wa 7912 ni ule mguu wa kuingizia umeme, ukizibana zote mbili kwenye hitisinki moja bila maika (kile kikaratasi cha kuzuia umeme) utasikia mlio ambao hukuutarajia.

Haya, tatizo. Ukiwasha, sabufa inalia pii safi kabisa ya kilohezi 1. Unafurahi. Baada ya nusu dakika hivi ile pii inaanza kukwaruza, inakuwa na sauti ya makali kama sufuria inakwanguliwa, halafu inakuwa ndogo, ikifika dakika moja na kitu kimya. Zima, subiri, washa tena, inarudi safi na inakufa vilevile.

Sasa kila fundi aliyepita mezani kwangu alikuwa na jibu moja: moto. "Fundi, hiyo BD139 imechoka, ikipata joto inaachia, itoe weka nyingine." Na ukisikia dalili ni kweli inafanana na joto, kitu kinachofanya kazi kikiwa baridi na kufa baada ya muda. Lakini nilizishika zile transista kwa vidole, zilikuwa na uvuguvugu tu, na aisii ilikuwa baridi kama haina kazi. Nikapuliza kwa feni, hakuna kilichobadilika. Nikasogeza pasi ya kuchomea karibu ili nizipashe moto makusudi kabla ya kuwasha, dakika ileile. Kitu kikiwa cha joto, ukikipasha mapema kinakufa mapema, hiki kilikuwa kinafuata saa yake.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na tabia ya kukataa kusikiliza sauti yoyote kabla hajapima DC, yaani volti zilizotulia zisizo wimbi. Unamletea redio inalia vibaya, anaizima sauti, anapima volti kila mguu anaandika kwenye karatasi. Enzi hizo nilikuwa naona anachelewesha wateja. Kwa hiyo na mimi nikakaa, mita kwenye DC volti 20, probu nyeusi kwenye grauni. Pini ya 8 ina 12, pini ya 4 ina hasi 12, safi. Pini ya 1, mahali wimbi linapozaliwa, sifuri na vichele vya milivolti. Pini ya 7, ambayo ilitakiwa iwe sifuri pia, ilikuwa inapanda polepole mbele ya macho yangu, volti 1, volti 2, 4, 7, mpaka ikasimama kwenye 10 na nusu. Hapo ndo sauti inapokufa, maana opampu imeshagonga dari, wimbi halina tena nafasi ya kupanda. Kukwaruza kwa katikati ni vichwa vya juu vya wimbi vinavyoanza kukatwa DC inavyopanda. Kwa hiyo tatizo halikuwa sauti wala joto, ni DC inayotambaa.

Opampu inakuza mara 5, toleo (pale wimbi linapotokea) likiwa 10 na nusu maana yake pini ya 5 kuna volti 2 na kidogo. Nikahamisha probu kwenye pini ya 5 nizione hizo volti 2.

Nikaweka probu tu, sabufa ikalia. Pii safi. Mita inasoma milivolti arobaini hivi. Nikatoa probu, baada ya muda ikaanza kukwaruza tena. Nikarudisha, ikapona. Kijana wangu wa kazi akasema kaka iache tu hiyo mita hapo tuiuze na mita yake, tukacheka, lakini jibu lote lilikuwa limeshatoka hapo na kama hujui mita yako ina nini ndani utaona uchawi.

Ziko hivi hizi mita za bei nafuu, DT830 na ndugu zake. Kwenye DC zina kama megaomu 1 kati ya probu na probu. Ukiigusisha pini na grauni umeweka rezista ya megaomu 1 pale, sio kwamba unachungulia tu, umeingia kwenye saketi na wewe ni sehemu yake. Kama kuweka megaomu 1 kunaponya, maana yake pini ya 5 ilikuwa haina njia ya kwenda grauni. Kila opampu, miguu yake ya kuingizia inataka kamkondo kadogo sana ka DC kapite, iwe kwa kuingia au kutoka. Kakikosa pa kwenda kanaenda kujaza kapasita, na ile kapasita yangu ya maikrofaradi 1 ilikuwa inajazwa taratibu mpaka volti 2 zikapatikana. Njia iliyotakiwa kukatoa ilikuwa ni mguu wa chini wa volyumu.

Nikazungusha volyumu kuelekea sifuri. Sauti ileile. Volyumu yenye mguu wa chini uliokatika haiwezi kupunguza kitu, inabaki kuwa rezista tu iliyokaa njiani. Nikazima, nikaipima kwa omu, juu na kati inasoma, kati na chini hamna kitu. Ilikuwa volyumu ya kuchomoa kwenye mikisa ya zamani, ule mkia wa kaboni ulikuwa umeachana na rivet ya mguu, kwa nje huoni chochote. Nikaweka nyingine, pini ya 7 ikakaa sifuri na ikatulia, na nikaongeza rezista ya kilo-omu 100 kutoka pini ya 5 kwenda grauni moja kwa moja ili siku volyumu nyingine ikikatika DC isipate nafasi ya kutambaa. Rezista ya senti kidogo. Mchoro nilioufuata haukuwa nayo na michoro mingi haina, wanaiamini volyumu mno.

Wengi wangeishia hapo. Kuna kitu kilinikaa kichwani lakini, kasi ya kupanda. Aisii niliyonunua imeandikwa TL082 mgongoni. TL082 ina fet mlangoni (transista isiyokunywa mkondo karibu kabisa), kamkondo kake ka kuingizia ni pikoampea thelathini hivi, ni kadogo kiasi kwamba ukipiga hesabu ya kujaza maikrofaradi 1 mpaka volti 2 ni masaa na masaa, unaweza ukawasha asubuhi na jioni isiwe imefika. Yangu ilifika ndani ya dakika moja na kitu. Piga hesabu kinyume unapata nanoampea kumi na kadhaa mpaka arobaini, na zile milivolti arobaini za kwenye mita ukizigawa kwa megaomu 1 zinakupa jibu hilohilo, nanoampea arobaini. Hiyo sio fet. Hiyo inafanana sana na LM358, opampu nyingine ya pini nane.

Na kweli nilipopandisha masafa mpaka kilohezi 20 nikaona. Nina osiloskopu ndogo ya DSO138, ile ya kujichomea mwenyewe, inaishia kilohezi 200 lakini kwa kazi ya sauti inatosha. Kwenye pini ya 1 wimbi ni sine nzuri ya mviringo. Kwenye pini ya 7, volyumu ikiwa juu, pembetatu. Mistari iliyonyooka kabisa, inapanda volti saba na nusu kwa maikrosekunde 25, inashuka vilevile. Nikapunguza volyumu mpaka likawa wimbi dogo la volti 1, likarudi kuwa mviringo.

Hiki kipimo cha kupunguza volyumu nakipenda kuliko vyote. Kama aisii ingekuwa imeishiwa masafa tu, wimbi lingekuwa dogo lakini umbo lingebaki sine, na kupunguza volyumu kusingebadilisha umbo. Likiwa kubwa linakuwa pembetatu na likiwa dogo linapona, hapo ni spidi, aisii haiwezi kubadilisha volti haraka zaidi ya ilivyo. Volti saba na nusu gawa kwa 25 ni 0.3 kwa kila maikrosekunde, ndo namba ya LM358. TL082 halisi inakwenda 13. Sine ya volti 5 kilele kwa kilohezi 20 inahitaji kama 0.63, kwa hiyo 358 haiwezi hata kidogo. Ila nusu ya kwanza inatoa volti 1 tu, inahitaji 0.13, inapita bila shida, na hapa ndo mtu anapotea maana anasema aisii ni ileile moja, nusu ya kwanza inafanya kazi vizuri, basi aisii ni nzima tatizo liko kwenye transista. Aisii ilikuwa nzima kweli, sema sio iliyoandikwa.

Nikaichomoa nikaipima yenyewe kwenye bredibodi, nusu zote mbili zimefungwa kama bafa bila mzigo, mita kwenye miliampea 20 katikati ya waya wa chanya. Ikasoma 0.8. TL082 inakunywa karibu 2.8. Tangu siku hiyo kila aisii ya pini nane ninayonunua naipitisha kwenye hicho kipimo kabla haijagusa bodi, hakichukui hata dakika mbili. Aliyeniuzia sina ugomvi naye, sidhani hata yeye anajua, anauza kilichoandikwa. Tatizo ni kwamba 358, 4558, TL072, TL082 na NE5532 zote miguu imepangwa sawasawa, mtu akifuta maandishi na kuandika mengine hakuna kitakacholipuka, itafanya kazi nusunusu na wewe utahangaika na transista.

Mezani kulikuwa na bodi ya sabufa iliyokufa, na bodi ya sabufa ikikosa vyote haikosi 4558. Nikaichomoa nikaiweka, kilohezi 20 ikarudi kuwa sine. Spidi yake ni kama volti 1 kwa maikrosekunde, kwa sauti inatosha ila haina akiba. Mtu mwenye akili angefunga boksi hapo. Mi nikataka akiba, nikatafuta NE5532, hii ni ya volti 9 kwa maikrosekunde, na nikaipima mkondo kabla ya kuichomea, ikasoma miliampea nane, sawa na inavyotakiwa.

Nikaiweka na ndo nikajifunza kwamba aisii ya kasi inakuja na matatizo ambayo ile ya polepole ilikuwa imeyafunika. Bila waya wa kutolea, safi. Nikichomeka waya wa skrini wa mita moja na zaidi, BD139 na BD140 zinapata moto hata kama volyumu iko sifuri, safari hii moto kweli, huwezi kuacha kidole. DSO138 inaonyesha mstari mnene kidogo tu, hakuna wimbi la kueleweka. Kwa kuwa naijua mwisho wake ni kilohezi 200 nikajua kama kuna kinachoendelea kiko juu ya hapo na yenyewe ni kipofu huko. Nikachukua redio ya mkononi nikaweka MW (mawimbi ya kati), nikaisogeza karibu na bodi na kuzungusha taratibu. Kuna sehemu kwenye skeli ile kelele ya hewa ikakatika ghafla, redio ikawa kama imeshika stesheni ambayo haisemi kitu. Nikichomoa waya, kelele ya hewa inarudi. Basi, amplifaya imegeuka kuwa stesheni ya redio. Kifaa cha elfu chache kimeona kilichoishinda osiloskopu.

Sababu yake ni waya. Kebo ya koaksi aina ya RG58 ina kama pikofaradi 100 kwa kila mita, hiyo kapasita inaning'inia kwenye toleo, inachelewesha wimbi linalorudi kwenye fidibaki, na opampu ya kasi inaona ucheleweshaji huo inaanza kujijibu yenyewe. Ile 358 ilikuwa mzito mno hata kushtuka. Nilichofanya ni vitu viwili. Kwanza kapasita za nanofaradi 100, moja pini ya 8 kwenda grauni na moja pini ya 4 kwenda grauni, miguu mifupi kadiri inavyowezekana, nimezichomea chini ya soketi kabisa. Zilikuwepo lakini zilikaa kule kwenye regyuleta, sentimita kibao kutoka kwa aisii, na kwa masafa ya namna hii waya mrefu ni kama hujaziweka. Hiyo peke yake ilipunguza moto ila redio bado ilikuwa inanyamaza pale pale. Cha pili ni rezista ya omu 47 kati ya toleo na waya, nje ya fidibaki, yaani fidibaki inachukuliwa kabla ya hiyo rezista. Hapo redio ikarudi kuimba kelele zake, transista zikapoa, nikaongeza waya mpaka mita tatu hazikujali.

Hiyo omu 47 ina gharama yake na nimeshaulizwa na zaidi ya mtu mmoja. Ukipima toleo likiwa tupu unaona volti 10 kutoka chini mpaka juu, ukiunganisha kwenye mlango wa sabufa ambao ni kilo-omu nyingi bado 10, lakini ukiweka mzigo wa omu 50 unabaki na nusu, na ukipachika spika ya omu 8 moja kwa moja unabaki na volti moja na nusu hivi. Jenereta haijafa nusu, ni rezista inachukua chake. Ukitaka kupigisha spika tafuta amplifaya ya spika.

Kilichobaki sasa ni kadogo. 5532 inataka mkondo mkubwa kidogo mlangoni kuliko hata 358, nanoampea 200 hivi, kwa hiyo volyumu ikiwa juu kabisa naona kama milivolti 10 za DC kwenye toleo, na ukizungusha volyumu haraka unasikia kukwaruza kidogo kwenye spika kwa sababu hiyo DC inabadilika. Ningeweza kuiondoa kwa kapasita kubwa kwenye toleo, ila sikuona haja. Kila sabufa ninayoijua ina kapasita yake mlangoni, hizo milivolti 10 haziingii. Nimeziacha.